Tiketi ya Kaka

Tiketi zilikuwa mbili, zimeandikwa Ijumaa, Julai 8, 2005, Hyde Park, London. Moja yangu, moja ya kaka yangu aliyekuwa akiishi Muscat. Nilizitia kwenye bahasha, bahasha nikaificha kabatini nyuma ya birika nisilolitumia, na kila baada ya siku mbili tatu nilikwenda kuhakikisha kwamba bado ipo.

Queen, ile bendi ya roki ya Uingereza, walikuwa wamerudi. Mara ya mwisho kusimama jukwaani pamoja na mwimbaji wao, Freddie Mercury, ilikuwa Knebworth, Agosti 9, 1986, na tangu hapo hawakufanya ziara tena. Freddie akafariki Novemba 24, 1991. John Deacon, mpiga besi, naye baadaye akaacha muziki kabisa. Wakabaki Brian May na gitaa lake na Roger Taylor na ngoma zake, mpaka wakakutana na Paul Rodgers, mwimbaji wa zamani wa bendi za Free na Bad Company, wakaona wanapatana. Ziara ikatangazwa.

Kaka alinipigia simu siku aliyozisikia habari hizo.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umesikia?"

Nilikuwa nimesikia, na sikutaka kwenda. Kwangu mimi, Queen bila Freddie ilikuwa ni kufukua kaburi. Nikamwambia hivyo hivyo. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza Ikhwani Safaa, ile klabu yetu ya taarab, ilianzishwa mwaka gani. Nikamjibu, 1905. Kila mtoto wa Mji Mkongwe anajua.

"Walioianzisha wako wapi?"

"Wote wamekufa."

"Na mwaka huu inatimiza miaka 100, na watu bado wanaingia kwenye taarab yao na kutunza. Kwa fikra zako wewe, ingezikwa pamoja na wa kwanza kufa. Nunua tiketi, mimi nitakuja."

Ndiyo nikanunua.

Kaka ndiye aliyenifungua masikio kwa muziki huu, kwa hiyo sikuwa na haki kubwa ya kumbishia. Yeye aliondoka Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 70, akaenda Oman kama vijana wengi wa mitaa yetu. Siku moja, nikiwa bado skuli, msafiri alituletea kifurushi kutoka kwake: kitambaa cha Mama, sabuni, na kaseti moja iliyoandikwa kwa kalamu, kwa mwandiko wake wa kulala, "Mtoto wa Shangani". Shangani ni mtaa wa kwetu Mji Mkongwe, nikadhani ni mtu wa taarab. Nikaitia kwenye redio kaseti, likatoka gitaa kama mtu anayepasua bati, halafu sauti. Sikuelewa hata nusu ya maneno. Niliirudisha mwanzo mara nne usiku ule, mpaka Mama akanituma nikalale.

Barua yake ndiyo iliyoeleza. Mwimbaji yule alizaliwa Unguja, Septemba 5, 1946, jina lake Farrokh Bulsara, ndiye huyo Freddie Mercury. Ukoo wao Waparsi, baba yake keshia wa Mahakama Kuu. Akiwa mtoto alipelekwa skuli ya bweni Panchgani, India, akarudi nyumbani mwaka 1963, na mwaka uliofuata, baada ya Mapinduzi, familia nzima ikahamia Uingereza, ikaishi Feltham, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Alikuwa na miaka 17. Nilimsomea Mama barua ile, tukiwa tumekaa barazani. Mama hakuuliza lolote kuhusu muziki. Alisema tu, "Na yeye kaondoka."

Kwetu kila nyumba ilikuwa na mtu wake aliyeondoka. Mama aliwahesabu wote, na siku ile akamwongeza na yule asiyemjua.

Najua nyumbani wapo wasiopenda jina lake litajwe, kwa sababu ya maisha aliyoishi na maradhi yaliyomuua. Nimewasikia, wengine ni jamaa zangu. Mimi sikuwahi kujipa kazi ya kumhukumu. Nilipofika London mwaka 1994, nikiwa na baridi ya mifupa na sina ninayemjua, kaseti ile ilikuwa ndani ya begi langu, nami nikiisikiliza nilijiambia: huyu naye alifika hapa kutoka mitaa ile ile, na watu wakamsikia.

Kaka alifika Jumanne, Julai 5. Alikuwa na likizo ya wiki moja tu, arudi Jumanne inayofuata. Aliniletea halua ya Muscat na ubani, na alikuwa na mpango mmoja kabla ya tamasha: kwenda Logan Place, Kensington, ilipo nyumba aliyokuwa akiishi Freddie, ambako mashabiki walikuwa wakiandika salamu zao ukutani. Nikamwambia aende Alkhamisi asubuhi, kwa sababu mimi nitakuwa kazini. Alkhamisi ile ilikuwa Julai 7.

Nilikuwa nikifanya usafi kwenye jengo la ofisi karibu na Holborn. Tulianza alfajiri. Kabla ya saa nne asubuhi tukaambiwa tusitoke, kuna hitilafu ya umeme kwenye treni za chini ya ardhi. Baadaye tukaambiwa si umeme, ni mabomu. Treni tatu na basi moja, na basi lenyewe limelipuliwa Tavistock Square, mwendo wa dakika chache tu kutoka tulipokuwa. Watu 52 waliuawa siku ile. Mimi nilikuwa nikimfikiria mmoja tu. Nilipiga simu ya kaka mpaka kidole kikaniuma, na kila mara ilikuwa ile sauti ya mwanamke ya kusema haipatikani. Mtandao ulikuwa umezidiwa, London nzima ikitafuta watu wake kwa wakati mmoja.

Mchana tulipoachiwa tulitembea. Barabara zilijaa watu waliovaa nguo za ofisi, kimya, kama watu wanaorudi kutoka mazishini. Nilitembea mpaka kwangu Upton Park na viatu vya kazi. Binti yangu, wa miaka 13, alikuwa ameshafika kutoka skuli na amekaa ngazini. Kaka hakuwepo.

Alitokea saa mbili usiku. Treni yake ilikuwa imempitisha mapema, kabla ya milipuko. Alipotaka kurudi akakuta vituo vimefungwa, akaanza kwa miguu, akiuliza njia, mpaka jioni akapata basi. Nilimkumbatia mlangoni, nikamgombeza, nikamkumbatia tena. Alikunywa maji glasi tatu. Kisha akaniambia, kama jambo la muhimu kuliko yote ya siku ile, kwamba alifika. Ukuta ule umejaa maandishi kwa lugha asizozijua, na yeye alitafuta mahali penye nafasi, akaandika kwa Kiswahili: "Mtoto wa Shangani, nyumbani wanakusalimu."

Tamasha la kesho yake likaahirishwa kwa wiki moja, mpaka Ijumaa ya Julai 15. Tiketi zetu zilikuwa bado halali. Safari ya kaka ndiyo iliyokuwa haibadiliki. Tulikwenda kwa wakala, tukakaa kwenye benchi saa nzima, tukatajiwa ada ya kubadilisha tarehe iliyokaribia bei ya tiketi yenyewe. Na hata tungelipa, mwajiri wake alishasema Jumatano lazima awe kazini. Tangu siku ile, nikinunua tiketi ya tamasha la mbali huongeza siku za kukaa baada yake, si kabla, na ninauliza kwanza tiketi ya ndege ikibadilishwa inagharimu kiasi gani. Watu huona nina wasiwasi mwingi. Acha waone.

Heathrow, Jumanne, akaitoa tiketi mfukoni akampa binti yangu. "Mshike mkono mama yako, asipotee." Mimi akaniambia nisikae kule nikilinganisha; nimsikilize yule bwana mpya kama alivyo.

Asubuhi ya Ijumaa binti yangu alisimama mlangoni mwa chumba changu akinitazama ninavyojifunga mtandio.

"Mama, utavaa?"

Alikuwa haulizi kuhusu joto. Wiki ile mwanamke mmoja alihama kiti nilipokaa karibu yake kwenye basi, na binti yangu alikuwepo. Nikamwambia nitavaa, kwa sababu ndivyo ninavyovaa ninapokwenda mahali ninapopaheshimu. Hakusema zaidi. Alikwenda akabadilisha viatu, akarudi akanifunga pini kwa nyuma, vizuri.

Getini walitupekua kila mtu, na kwa wiki ile nisingetaka iwe vingine. Lakini mlinzi alipofika kwangu aliukunjua mfuko wangu wote juu ya meza. Kanga ya kukalia. Kadi ya kupiga simu Muscat. Sambusa kumi na mbili ndani ya karatasi ya fedha, na sambusa zile akazichukua moja moja, akazibonyeza. Mafuta yalimwingia kwenye glavu. Watu nyuma yetu wakawa wanatazama. Nilisimama wima, mkono wa binti yangu ndani ya wangu, nikihesabu naye kimoyomoyo mpaka ya kumi na mbili. Tukaruhusiwa. Zile sambusa hatukuzila. Tulipofika kwenye majani binti yangu alizitupa kwenye pipa, nami sikumzuia.

Tulitandika kanga mbali kidogo na jukwaa, upande wa kulia. Nilikuwa nimejifunza kwenye taarab za Unguja kwamba katikati ni pa warefu na wasukumaji. Mtu mfupi akae pembeni, palipo na mteremko. Ushauri huo ulifaa Hyde Park vile vile. Kutuzunguka walikuwako wazee wenye fulana za ziara za miaka ya 70, zimefifia mpaka maandishi hayasomeki, na watoto wao, na wajukuu. Kulikuwa pia na watu wa magari ya wagonjwa na wazimamoto, kwa sababu bendi ilitoa tiketi za bure kwa waliohudumu siku ya mabomu. Kikundi kimoja chao kilikaa mbele yetu. Hawakuwa wakizungumza sana. Mmoja, kijana mwenye nywele nyekundu, alilala chali akatazama mawingu mpaka muziki ulipoanza.

Walipotokea jukwaani jua lilikuwa halijazama. Kelele ile ya kwanza sijaisikia tena tangu siku hiyo, ilipanda kutoka ardhini ikaingia kwenye magoti. Brian May kwenye skrini kubwa, na lile gitaa alilolichonga na baba yake akiwa kijana, kwa mbao za meko ya zamani ya nyumba. Hapigi kwa plastiki kama wapiga gitaa wengine. Hushika sarafu ya peni sita ya zamani ya Kiingereza. Kaka alikuwa ameniambia hayo miaka mingi, nikidhani anatia chumvi. Kamera ilipomsogelea vidole nilimtikisa binti yangu begani: "Tazama, sarafu!"

Na Paul Rodgers. Nyimbo nne tano za mwanzo nilifanya kile kile nilichokatazwa. Kila alipofika pahala ambapo Freddie alikuwa akipanda juu, mimi nilipanda kichwani mwangu, yeye akabaki chini, na mimi nikakunja uso. Sauti yake ni nzito, ya blues, inakaa kifuani. Hakujaribu hata kidogo kumuiga mwenziwe, hakurusha mkono kama yeye, hakutembea kama yeye. Halafu wakapiga wimbo wake mwenyewe wa enzi za Bad Company, na nikamwona anavyotulia ndani yake, kama mtu aliyeingia nyumbani akavua viatu. Hapo ndipo mkunjo wa uso wangu ulipofunguka. Yule bwana hakuja kuchukua nafasi ya mtu. Alikuja na chakula chake, akakaa na wafiwa. Kwetu mgeni wa namna hiyo hupewa mkeka, na mimi kwa nusu saa nilikuwa nimemnyima.

Kuna wimbo wa mapenzi ambao tangu enzi za Freddie washabiki ndio waliozoea kuuimba, na bendi ikawasikiliza. Brian aliukalia na gitaa lisilo la umeme. Tukaimba. Kijana mwenye nywele nyekundu aliimba huku amekaa, kichwa kati ya magoti, na wenziwe wakamwekea mikono mgongoni bila kumtazama. Na wakati fulani waliimba wimbo wa John Lennon wa kuiota dunia yenye amani, kwa ajili ya waliouawa. Hakuna aliyerukaruka. Watu makumi kwa maelfu, na nilisikia bendera ikipigwa na upepo.

Giza lilikuwa limeshaingia walipofika kwenye ule wimbo wao mkubwa wa mwaka 1975, Bohemian Rhapsody. Nilikuwa nikingoja waufanyeje. Taa za jukwaa zikapungua, na kwenye skrini akatokea yeye. Freddie, kwenye piano, kwenye picha za zamani, na sauti yake. May na Taylor wakampigia vile vile, walio hai wakimfuata aliyekufa. Paul Rodgers hakuwepo. Alijiondoa mwenyewe, akawaacha.

Nilidhani nitalia hapo, na sikulia. Nililia baadaye kidogo.

Wanaoujua wimbo ule wanajua kuna kipande cha katikati kama opera, sauti juu ya sauti, walizozirekodi watu watatu kwa kurudia rudia mpaka zikawa kwaya. Hakiimbiki jukwaani. Hata enzi za Freddie bendi ilikuwa ikitoka, kanda ikapigwa, taa zikacheza. Basi jukwaa likawa tupu, na sisi ndio tukabaki. Na ndani ya kipande kile, kama ilivyokuwa tangu 1975, kwaya inatamka Bismillah.

Uwanja mzima ulitamka. Siku nane baada ya mabomu, katikati ya London, wazee wa fulana zilizofifia na wazimamoto na watoto, wote kwa pumzi moja: Bismillah. Wakarudia, na wakarudia tena, vinywa wazi, mikono juu. Wengi wao pengine hawakufikiri neno lile ni la nani. Mimi nilikuwa nimelisema asubuhi ile ile nikifunga mlango wa nyumba, kwa sauti ya chini kuliko kawaida yangu.

Binti yangu aligeuka akanitazama. Hakusema kitu. Alinyoosha mkono akaniweka sawa mtandio ulioteremka.

Paul Rodgers akarudi kwenye sehemu ya mbio, ile ya gitaa, akaibeba kwa nguvu zake zote, na mwisho kabisa, mistari ile ya taratibu, wakaiimba wawili, yeye na Freddie wa skrini, wakipokezana. Nilielewa walichokifanya. Waliiacha nafasi wazi pale ilipokuwa haifai kuzibwa, na wakaiziba pale kazi ilipotaka mtu.

Nikakumbuka kadi ya simu. Saa nne usiku kwetu ilikuwa saa saba usiku Muscat, lakini nilijua hajalala. Nilibonyeza namba zote zile ndefu gizani, binti yangu akinimulikia kwa simu yake. Ikalia mara moja, ikakatika. Nikajaribu tena mpaka wimbo wa mwisho, mtandao haukushika. Jifunze kwangu: penye umati kama ule, usitegemee simu kwa lolote, hata kutafutana. Sisi tulikuwa tumeahidiana kwamba tukipotezana tukutane Marble Arch, na ahadi hiyo ilinitoa hofu jioni nzima.

Tulitoka taratibu, tumeshikana mikono. Njiani mama mmoja wa makamo aliyekuwa amekaa karibu nasi, ambaye hatukuzungumza naye hata neno, alinishika kiwiko akasema "Goodnight, my love," kama wasemavyo wao, akapotelea kwenye watu. Nyumbani tulifika saa saba na nusu. Nilimwandikia kaka barua, si ujumbe wa simu, kurasa sita. Hakuijibu kwa maneno. Alituma kaseti kama ile aliyonitumia zamani, nakala yake mwenyewe, na kwenye kijikaratasi chake ameongeza chini ya "Mtoto wa Shangani": "na dada yake".

Novemba 2008 Queen na Paul Rodgers walifika Dubai. Kutoka Muscat ni mwendo wa saa tano hivi kwa gari, na mpaka wa nchi katikati. Kaka alikuwa na miaka 50, amevunjika mguu mwaka ule na bado anachechemea. Hakuniambia kwamba anakwenda.

Nilikuwa ndani ya basi natoka kazini narudi kwangu Upton Park, nje mvua, saa moja usiku, simu ikalia. Namba ya Oman. Nilipoipokea nilidhani imeharibika: upepo, ngurumo, kitu kama bahari inayopiga ukuta wa Forodhani wakati wa kusi. Nikaikandamiza sikioni, nikaziba sikio la pili. Ngurumo ikapanda, ikashuka, ikapanda. Kisha sauti ya kaka, kwa mbali, anapiga kelele, ameishiwa pumzi:

"Umesikia? Umesikia?"

"Nimesikia, kaka."